Jasho la Ziada Lihesabiwe kwa Haki

Kila ufikapo mwisho wa mwezi, viwandani, bandarini, shuleni na maofisini, kuna malalamiko ambayo hayakosi kusikika. Mfanyakazi aliyebaki kazini baada ya wenzake kwenda nyumbani, akatoa jasho lake mpaka usiku, hupokea hati ya mshahara na kukuta kwamba fedha alizozitegemea hazikufika zote. Papo hapo hukumu hutolewa: kodi imekula ovataimu. Wako wanaokwenda mbali zaidi na kusema kwamba ni afadhali mtu asifanye kazi ya ziada kabisa, kwa kuwa akizidisha saa atapandishwa ngazi ya kodi, na mwisho wake atapeleka nyumbani fedha kidogo kuliko yule aliyelala.

Malalamiko haya hayafai kupuuzwa, wala hayafai kukubaliwa jinsi yalivyo. Ndani yake mna jambo lisilo la kweli na jambo lililo la kweli kabisa. Si kweli kwamba kodi yaweza kumrudisha nyuma mtu aliyefanya kazi zaidi. Lakini ni kweli kwamba mzigo wa kodi hiyo haukupangwa sawa baina ya wafanyakazi wa nchi moja, na kwamba wengi wanaoubeba hawajaonyeshwa hesabu yake. Mambo haya mawili yanapaswa kutenganishwa, maana asiyeijua hesabu hawezi kuidai haki.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, imeweka msingi ulio wazi. Saa za kawaida za kazi hazipaswi kuzidi 45 kwa wiki, wala 9 kwa siku. Kazi ya ziada hufanywa kwa makubaliano, na haipaswi kuzidi saa 50 katika kipindi cha wiki nne. Kila saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida. Na anayefanya kazi siku yake ya mapumziko ya wiki au siku ya sikukuu ya kitaifa hulipwa mara mbili. Ili kupata malipo ya saa moja, mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 4.333, yaani wastani wa wiki zilizomo katika mwezi, kisha hugawanywa kwa saa za kazi za wiki. Kwa mfanyakazi wa saa 45, hesabu hiyo ni sawa na kuugawanya mshahara kwa 195.

Baada ya malipo hayo kupatikana, ndipo kodi ya mapato ya ajira, ile ya Lipa Kadiri Upatavyo, inapoingia. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Julai 2021, kipato cha mwezi kisichozidi Sh. 270,000 hakitozwi kodi. Sehemu inayozidi hapo mpaka Sh. 520,000 hutozwa asilimia 8. Sehemu inayofuata, mpaka Sh. 760,000, hutozwa asilimia 20. Kutoka hapo mpaka Sh. 1,000,000 ni asilimia 25, na kila kinachozidi Sh. 1,000,000 hutozwa asilimia 30.

Neno la kushika hapa ni "sehemu". Kiwango cha juu hakiushukii mshahara wote. Hukigusa kile tu kilichovuka mpaka. Mtu aliyepanda ngazi haondolewi vidato alivyokwisha kupanda.

Na achukuliwe mfanyakazi anayelipwa Sh. 702,000 kwa mwezi. Zikigawanywa kwa 195, saa yake moja ya kawaida ni Sh. 3,600, na saa yake ya ziada ni Sh. 5,400. Akifanya saa 20 za ziada katika mwezi, anastahili Sh. 108,000, na jumla ya kipato chake inakuwa Sh. 810,000. Mchango wake wa hifadhi ya jamii, ambao huondolewa kabla ya kodi kukokotolewa, umeachwa pembeni kwa sasa ili hatua za kodi zionekane. Ukiingizwa, kodi hupungua, lakini njia ya hesabu ni ile ile.

Bila kazi ya ziada, kodi yake ni Sh. 56,400. Akiongeza kazi ya ziada, kodi inakuwa Sh. 80,500. Tofauti ni Sh. 24,100, na hiyo ndiyo kodi ya ovataimu yake. Imetoka wapi? Katika zile Sh. 108,000, Sh. 58,000 za kwanza zilijaza nafasi iliyobaki katika ngazi ya asilimia 20, zikatozwa Sh. 11,600. Sh. 50,000 zilizobaki zikavuka mpaka wa Sh. 760,000, zikatozwa asilimia 25, yaani Sh. 12,500. Mfanyakazi huyo amebaki na Sh. 83,900 mkononi ambazo asingezipata kama angekwenda nyumbani mapema. Lau kama ile asilimia 25 ingetozwa kwenye mshahara wote, kama wengi wanavyodhani, angekatwa Sh. 202,500. Sheria haisemi hivyo, na mwajiri akatae hivyo mshahara wa mtu atakuwa amekosea, na anapaswa kuulizwa.

Kwa mwenye mshahara mdogo hesabu ni nyepesi zaidi. Anayelipwa Sh. 292,500, akifanya saa hizo hizo 20, hupata Sh. 45,000 za ziada. Zote humo katika ngazi ya asilimia 8, na kodi yake ni Sh. 3,600. Si haki basi kusema kwamba kodi imeila ovataimu yake. Serikali yenyewe imekwisha kumtazama mfanyakazi wa ngazi hii: Julai 2020 kiwango cha mshahara kisichotozwa kodi kilipandishwa kutoka Sh. 170,000 hadi Sh. 270,000, na Julai 2021 asilimia ya ngazi ya kwanza ikashushwa kutoka 9 hadi 8. Hizo ni hatua za kupongezwa.

Hata hivyo, iko njia moja ambayo kwayo mfanyakazi huweza kupunjwa kweli, nayo haitokani na uvivu wake wala na ukali wa sheria. Hutokana na uzembe wa mwajiri. Hayo ni malimbikizo. Neno hili halihitaji kufafanuliwa mbele ya mwalimu. Yule mfanyakazi wa Sh. 702,000, akicheleweshewa malipo yake ya ziada kwa miezi mitatu, kisha akalipwa Sh. 324,000 kwa mkupuo, na zote zikahesabiwa katika jedwali la mwezi mmoja, kipato cha mwezi huo kitafika Sh. 1,026,000. Kodi itakuwa Sh. 135,800, ambapo ongezeko lililotokana na ovataimu ni Sh. 79,400. Angelipwa kila mwezi kwa wakati wake, kodi ya miezi mitatu ingekuwa Sh. 72,300. Sh. 7,100 zimepotea kwa sababu tu karatasi zilikaa mezani pa mtu. Fedha hizo zinazidi malipo ya saa nzima ya ziada. Mfanyakazi alifanya kazi kwa wakati, mwajiri akalipa nje ya wakati, na gharama ya kuchelewa ikabebwa na asiye na kosa.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya kazi inataka malipo ya mshahara yaambatane na maelezo ya maandishi. Hati inayoonyesha tu jumla ya kipato, jumla ya makato na kiasi cha kuchukua haimtoshi mfanyakazi wa zamu. Yampasa aone saa alizofanya, malipo ya saa moja, nyongeza ya ziada, mchango wa hifadhi ya jamii, kiasi kinachotozwa kodi, na kodi yenyewe. Mistari hiyo sita haimgharimu mhasibu chochote. Lakini ikikosekana, uvumi huijaza nafasi yake, na chuki ambayo ingemwendea karani aliyekosea huiendea Serikali inayokusanya kodi.

Uvumi huo una wafadhili wake. Wako waajiri wanaomwambia mfanyakazi: "Saa zako za ziada nitakulipa mkononi, usije ukakatwa kodi." Maneno haya yana utamu wa asali, na mfanyakazi huyapokea kama hisani. Lakini apimaye atauona upande wa pili. Malipo yasiyopita katika daftari humwondolea mwajiri tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo huilipa yeye na siyo mfanyakazi, tena humpa nafasi ya kulipa saa ya ziada kwa bei ya saa ya kawaida, au chini yake, bila mtu kuuliza. Siku mfanyakazi atakapopunjwa na kwenda mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hatakuwa na karatasi ya kuonyesha. Yule wa mshahara wa Sh. 702,000, akilipwa mkononi Sh. 3,600 kwa saa badala ya Sh. 5,400, hupokea Sh. 72,000 kwa saa 20. Angelipwa kihalali na kukatwa kodi yote, angebaki na Sh. 83,900. Aliyemkimbia mtoza kodi ameangukia kwa mnyonyaji, na amepoteza Sh. 11,900.

Mpaka hapa, hesabu imemtetea mtoza kodi. Sasa lazima imuulize swali.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, kama ilivyorekebishwa baadaye, katika kifungu kinachoeleza mapato ya ajira, imeorodhesha malipo yasiyohesabiwa katika kipato kinachotozwa kodi. Miongoni mwake ni posho za nyumba, usafiri, madaraka, kazi za ziada, saa za ziada, mazingira magumu na malipo ya heshima, pale zinapolipwa kwa mtumishi wa Serikali au wa taasisi yake ambayo bajeti hutoka yote, au kwa sehemu kubwa, katika ruzuku ya Serikali. Kwa maneno mengine, posho ya saa za ziada ya mtumishi wa umma haikatwi kodi. Malipo ya saa za ziada ya mfanyakazi wa kiwanda cha mtu binafsi yanakatwa.

Na wafikiriwe walimu wawili wanaokaa mtaa mmoja. Mmoja anafundisha shule ya umma, mwingine shule ya binafsi. Kila mmoja ana mshahara wa Sh. 702,000, na katika mwezi mmoja kila mmoja amelipwa Sh. 108,000 kwa kazi ya saa za ziada. Wa kwanza anakwenda nyumbani na Sh. 108,000 kamili. Wa pili anakatwa Sh. 24,100. Chaki ni ile ile, watoto ni wale wale wa Tanzania, na bei ya unga dukani haimuulizi mnunuzi nani amemwajiri.

Mtumishi wa umma hana sababu ya kuona aibu kwa jambo hili. Hakujitungia sheria. Zaidi ya hayo, mwalimu wa shule ya umma anayesahihisha madaftari usiku anajua kwamba saa hizo aghalabu hazimo katika daftari lolote la malipo, na msamaha wa kodi juu ya fedha isiyolipwa haumnunulii hata kibaba cha mchele. Lakini mtumishi wa umma anao wajibu wa kujua kwamba mshahara wake hutokana na kodi za wananchi, pamoja na ile iliyokatwa katika saa za usiku za mwanamke anayesimama mbele ya mashine ya nguo. Kama msamaha ni haki kwa mmoja, yapaswa ielezwe kwa nini si haki kwa mwingine.

Zipo hoja mbili zinazotolewa kuutetea mpango uliopo. Ya kwanza ni kwamba Serikali ikimtoza kodi mtumishi wake juu ya posho, itakuwa inatoa fedha mfuko huu na kuziingiza mfuko ule. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama isingekuwa kwamba mshahara wa mtumishi huyo huyo hutozwa kodi kila mwezi, na hakuna aliyeona ajabu. Ya pili ni kwamba mishahara ya umma ni midogo, na msamaha huo ni kifuta jasho. Lakini kuanzia Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilipandishwa kutoka Sh. 370,000 hadi Sh. 500,000 kwa mwezi, hali vima vya chini katika sekta nyingi za binafsi vikiwa chini ya hapo. Kama udogo wa mshahara ndio sababu, basi mlango ulifunguliwa upande usio na wahitaji wengi zaidi.

Tena msamaha huo una mtego hata kwa anayeufaidi. Penye posho isiyokatwa kodi huzaliwa tamaa ya kuita kila kitu posho. Kazi inayopaswa kufanywa ndani ya saa za kawaida husogezwa nje ya saa hizo ili ipate malipo. Na nyongeza ambayo ingeingia katika mshahara hupewa jina jingine. Mwisho wake huonekana siku ya kustaafu. Posho hazimo katika mshahara unaotumika kukokotoa mafao ya mtumishi wa umma. Aliyeishi kwa posho miaka 30 hugundua uzeeni kwamba mfuko wa hifadhi ya jamii haukuijua nusu ya maisha yake.

Nchi nyingine nazo zimelihangaikia jambo hili. Kenya, kuanzia Julai 2016, iliwasamehe kodi ya bonasi na malipo ya saa za ziada wafanyakazi wa ngazi ya chini kabisa ya kodi. Msamaha huo ukaondolewa Aprili 2020. Ufaransa ilianza kusamehe kodi ya saa za ziada mwaka 2007, ikaufuta msamaha mwaka 2012, ikaurudisha mwaka 2019, na mwaka 2022 ikapandisha kikomo chake hadi euro 7,500 kwa mwaka. Marekani, kwa sheria iliyotiwa saini Julai 2025, iliruhusu nafuu ya kodi kwa miaka ya 2025 hadi 2028, lakini kwa ile nyongeza tu inayozidi malipo ya saa ya kawaida, tena isiyozidi dola 12,500 kwa mtu mmoja. Kenya ilimtazama mnyonge, Ufaransa na Marekani zikaweka kikomo. Hakuna kati yao iliyopima kwa kumwangalia mwajiri ni nani.

Tanzania inaweza kuchukua mafunzo hayo bila kuiga kwa upofu. Vyombo vinavyohusika na fedha vipime msamaha unaomfuata mfanyakazi mwenye kipato kidogo, awe ameajiriwa na umma au na mtu binafsi. Kipimo kiwe mshahara wake. Saa zitakazosamehewa ziwe zile tu zilizomo ndani ya kikomo cha saa 50 kwa wiki nne, ili msamaha usigeuke kuwa mjeledi wa kuwachosha watu. Na malipo yawe yamepita katika daftari la mishahara, ili atakayetaka nafuu alazimike kuandika ukweli. Kwa sharti hilo la mwisho, huenda Hazina ikapata upande mmoja baadhi ya kile itakachokitoa upande wa pili.

Ikiwa mzigo huo ni mzito mno kubebwa kwa mara moja, upo mwanzo mdogo zaidi: isamehewe ile nusu ya nyongeza peke yake. Kwa mfanyakazi wa mfano wa kwanza, nusu hiyo ni Sh. 1,800 katika kila saa, yaani Sh. 36,000 kwa saa 20. Kodi ya ovataimu yake ingeshuka kutoka Sh. 24,100 hadi Sh. 15,100. Sh. 9,000 si nyingi katika vitabu vya Hazina, lakini zina uzito katika nyumba ya mpangaji.

Yapo pia yasiyohitaji kusubiri Bunge. Waajiri walipe saa za ziada katika mwezi zilipofanyika. Wahasibu waonyeshe hesabu katika hati za mishahara. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi waache kuhutubia juu ya kodi kwa ujumla na badala yake wakae na wanachama wao, wakiwa na kalamu na karatasi, wakokotoe mshahara wa mtu mmoja mpaka aelewe. Maofisa wa mapato nao wakumbuke kwamba mlipa kodi anayeielewa kodi yake ni rafiki wa Serikali, na yule anayekatwa gizani hujifunza kukwepa.

Na walimu wanayo kazi ambayo hakuna mwingine awezaye kuifanya badala yao. Mtoto wa shule anajifunza asilimia kwa mifano ya machungwa na mbuzi. Hakuna ubaya wowote akijifunza pia kwa hati ya mshahara, akajua saa ya ziada hupatikanaje, ngazi ya kodi huanzia wapi, na kwa nini kuvuka mpaka si hasara. Kesho ndiye atakayekuwa zamu ya usiku, na pengine ndiye atakayekuwa karani anayeandika mishahara ya wenzake.

Kodi ni deni la kila mwananchi kwa nchi yake, na mfanyakazi wa Tanzania hajapata kulikana deni hilo. Anachotaka ni kuonyeshwa daftari, na kuona kwamba jirani yake mwenye kipato sawa naye anadaiwa sawa naye. Matakwa hayo ni ya haki, na yanastahili kupewa jibu.